Ripoti ya hitilafu inatakiwa Ijumaa: kwenye "chanzo" niandike nini? Naombeni ushauri

Fundi wa Zamu (mleta mada)
Wakuu, habari za humu. Mimi ni msimamizi wa mifumo, mwaka wa tisa sasa. Usiku wa kuamkia Jumatano hifadhidata yetu kuu ilisimama. Diski ilijaa pomoni, na PostgreSQL, programu inayoiendesha hifadhidata, ikikosa pa kuandika haibembelezi, inajizima. Asubuhi watu wanafika kazini hakuna kinachofunguka, na maombi ya wateja yaliyotumwa tangu saa tisa usiku hayakuingia hata moja. Nilirudisha huduma ndani ya dakika arobaini. Bosi anataka ripoti kabla ya Ijumaa mchana.

Swali langu ni la uandishi tu. Sehemu ya chanzo nimeandika hivi: "Diski ya seva ilijaa kwa sababu faili za WAL (kumbukumbu za kila badiliko la data) hazikufutwa. Arifa zilikuwa zimezimwa, hivyo mtu wa zamu hakupata taarifa kwa wakati." Inatosha, au wakubwa watataka zaidi? Tangu Jumanne nimelala saa tatu tu.

Kebo Ndefu
Pole mkuu. Ongezeni diski. Na pg_wal, folda ya hizo faili, ihamieni kwenye diski yake peke yake, isigombanie nafasi na kitu kingine. Sisi tulifanya hivyo miaka minne iliyopita na hatujawahi kulia tena. Kwenye ripoti omba bajeti hapohapo, wakubwa wakiwa bado na hofu. Wakishapoa hupati kitu.

Mama Seva
Ngoja kwanza. Faili za WAL hazijai zenyewe. Mfumo unazifuta au kuzitumia upya ukishamaliza nazo, isipokuwa kuna mtu anazisubiri. Mlikuwa na sloti ya kunakilia iliyoachwa wazi, yaani ile inayoitunzia mashine nyingine faili mpaka izichukue?

Fundi wa Zamu
Ndiyo mama, umelenga. Kuna dogo kazini kwetu, ana miezi saba tu. Wiki iliyopita alitengeneza sloti kwa ajili ya mashine ya majaribio, akaizima mashine, sloti akaiacha. Hifadhidata ikawa inamtunzia faili mtu ambaye harudi. Kazi za usiku za kufunga hesabu zikamalizia nafasi iliyobaki.

Mama Seva
Basi hicho ni chanzo kimoja. Tangu toleo la 13, mwaka 2020, kuna mpangilio wa max_slot_wal_keep_size unaoiwekea sloti kikomo. Usipougusa, kikomo hakuna. Andika kwamba hamkuuweka. Huo ni uzembe wa idara nzima, si wa dogo.

Kimya Kingi
Mkuu, nimeisoma sentensi yako ya pili mara tatu. "Arifa zilikuwa zimezimwa." Na nani?

Fundi wa Zamu
Mfumo wetu wa ufuatiliaji una sehemu ya kunyamazisha arifa wakati wa matengenezo. Ndiyo ilikuwa imewashwa.

Kimya Kingi
Ilikuwa imewashwa. Na nani?

Mlinda Mlango
Nimekaa pale na kiti changu 😂

Kebo Ndefu
Mleta mada kuna kitu unakificha. Mtu hawezi kukosa usingizi siku mbili kwa ajili ya sentensi.

Fundi wa Zamu
Sawa. Mimi ndiye niliyezinyamazisha. Zamu ilikuwa yangu. Jumanne, tarehe 12 Machi 2024, tulikuwa na Porto ya Ureno, mechi ya marudiano, hatua ya 16 bora ya Ligi ya Mabingwa. Mimi ni Arsenal tangu nikiwa shule ya msingi. Mara ya mwisho tulifika robo fainali mwaka 2010, miaka kumi na minne nyuma. Nilinyamazisha kwa saa mbili tu, dakika kumi kabla ya mpira kuanza.

Lakini naomba tuelewane: kunyamazisha arifa hakujazi diski. Diski ilijazwa na sloti. Ningekuwa nimelala fofofo bila kusikia simu, si matokeo yangekuwa yaleyale? Ndiyo maana nikaandika vile. Hakuna uongo hata neno moja mle.

Mlinda Mlango
Washika Mitutu mmefika robo fainali, seva haijafika asubuhi. Kila kitu kina gharama yake 😂😂

Jogoo wa 2005
Mkuu, mimi ni Liverpool na nakuelewa kuliko unavyodhani. Tarehe 25 Mei 2005, fainali Istanbul, nilikuwa zamu. Mapumziko tuko nyuma 3-0 dhidi ya Milan. Nikasema basi, bora nikabadilishe kanda za bekapu, enzi zile bekapu ni kanda za kuingiza kwa mkono. Nikaingia chumba cha seva. Mle ndani feni zinavuma, husikii hata mtu akikuita jina. Kanda moja ikakwama, nikawa naivuta taratibu isikatike. Natoka, namkuta mlinzi kashika kichwa kwa mikono miwili. Matatu kwa matatu. Gerrard dakika ya 54, Smicer ya 56, Alonso ya 60. Dakika sita! Nimeangalia marudio mara mia, lakini zile dakika sita zenyewe sikuwepo. Mpaka leo nikisikia feni za seva nazikumbuka.

Kimya Kingi
Hadithi nzuri Jogoo, lakini wewe ulikuwa kwenye seva.

Jogoo wa 2005
Ni kweli. Sijafurahi kuwepo, ila nilikuwepo.

Bibi Nywila
Mimi nisemewe mkali, sawa. Zamu ni dhamana. Ukiipokea, watu wanalala kwa sababu wewe uko macho. Ulikuwa unaijua tarehe ya mechi wiki tatu kabla. Ungemwomba mwenzako mbadilishane, angekubali, na ungeangalia mpira wako moyo ukiwa mweupe. Vijana wa siku hizi mnataka mshahara wa mlinzi na usingizi wa bosi.

Fundi wa Zamu
Bibi, shikamoo. Mimi si kijana, nina watoto wawili. Na wa kubadilishana naye alikuwa dogo tu, ambaye bado hajaruhusiwa kukaa zamu peke yake.

Acheni niwaeleze kwa nini nilifanya vile. Tarehe 21 Februari, mechi ya kwanza kule Porto, nilikuwa zamu pia, na arifa sikuzigusa. Dakika za nyongeza, bado 0-0, simu ikatetemeka mapajani. Nikainama kusoma. "Mashine ya majaribio, diski asilimia 80." Mashine ambayo hakuna anayeitumia! Nilipoinua kichwa, mpira uko wavuni, Galeno wa Porto anakimbia kushangilia. Dakika ya 94. Bao sikuliona, niliona nyavu zikitikisika tu. Simu yangu inapokea arifa kama hizo sitini kwa siku, na labda mbili ndizo za maana. Nilijisemea mara ya pili sitakubali.

Mama Seva
Hapo ndipo penye ripoti, baba! Arifa sitini, za maana mbili. Mtu yeyote atajifunza kuzipuuza, awe shabiki wa mpira au asiwe. Ile ya diski ya kweli ilipofika asilimia 80 ilikuwa na sauti ileile ya mashine ya majaribio. Andika hilo. Ila huwezi kuliandika bila kusema ulizinyamazisha, kwa sababu ndilo lililokufanya uzinyamazishe.

Kebo Ndefu
Someni kisa cha GitLab, kampuni ya kuhifadhi msimbo wa programu, tarehe 31 Januari 2017. Mhandisi wao, usiku, amechoka, alitaka kufuta data kwenye seva ya pili, akafuta kwenye seva kuu. Anashtuka sekunde chache baadaye, kati ya gigabaiti kama 300 zimebaki 4.5. Wanakimbilia bekapu, hamna. Kumbe bekapu zilikuwa zinashindikana siku nyingi na baruapepe za kuwaonya zilikuwa zinakataliwa njiani, hakuna aliyezipata. Wakaokolewa na nakala moja ya saa sita nyuma, data ya saa hizo ikapotea. Walifanya nini? Waliandika kila kitu hadharani, hata kazi ya kurudisha data wakaionesha mubashara YouTube. Ripoti yao rasmi haikumtaja mhandisi kwa jina, lakini kitendo chake kimo, hatua kwa hatua. Haikuandikwa "data ilikuwa imefutwa".

Fundi wa Zamu
GitLab ni GitLab. Bosi wangu si wa namna hiyo. Yeye anatafuta mtu. Na tayari dogo ameambiwa aandike barua ya kujieleza kuhusu sloti.

Bibi Nywila
Hee! Hilo ndilo ulikuwa umelikalia?

Kimya Kingi
Kwa hiyo ripoti yako ikienda hivyo, aliyeacha sloti ana jina, na aliyezima arifa hana.

Fundi wa Zamu
Kosa la sloti ni lake kweli. Sijamsingizia. Na yeye bado ni mgeni, atapewa onyo basi. Mimi kwa cheo changu nitaambiwa niondoke. Nilipanga nikae naye baadaye nimfundishe vizuri, nimlipe kwa njia hiyo.

Msoma Logi
Wakuu samahani, nawakatisha. Nimesoma uzi mzima na nasema hii ni chai, imekolea na sukari. Pigeni hesabu nami. Anasema alinyamazisha saa mbili, kuanzia dakika kumi kabla. Mechi ile naijua: Trossard wa Arsenal alifunga dakika ya 41, jumla ikawa 1-1, wakaenda muda wa nyongeza, kisha penalti. Dakika 45, mapumziko 15, dakika 45 tena, weka za nyongeza. Saa mbili zake zinaisha filimbi ya dakika 90 ikilia au kabla yake kidogo. Bado kuna nusu saa ya muda wa nyongeza na penalti. Baada ya hapo kuna usiku mzima. Diski imejaa saa tisa usiku. Arifa zilikuwa zimesharudi! Simu ingelia kama king'ora. Mtu wa kazi hii miaka tisa hawezi kukosea hesabu hiyo. Ametunga.

Mlinda Mlango
Duh. Leteni vikombe.

Jogoo wa 2005
Na mimi nilishamwaga siri zangu za Istanbul humu 😅 Mleta mada jitokeze.

Mama Seva
Hesabu ya Msoma Logi haina kasoro. Mleta mada?

Kebo Ndefu
Saa tatu zimepita. Kimya. Tumepigwa.

Fundi wa Zamu
Sijatunga. Hesabu ni sahihi, mimi ndiye niliyewaambia lisilo kweli.

Ule mfumo una chaguo tatu: saa moja, saa mbili, au "mpaka nitakapoondoa mwenyewe". Nilichagua la tatu. Niliwaza kwamba mechi inaweza kufika penalti, na sikutaka simu ilie mtu akiweka mpira kwenye kitone. Kipa wetu Raya alipookoa penalti ya Galeno, Galeno yuleyule, tukawa tumeshinda 4-2, nilipiga magoti sakafuni nikalia. Sioni haya kulisema. Kisha nikapiga simu kwa kaka yangu, tukaongea mpaka sauti ikakauka, nikalala. Sikuondoa. Sikukumbuka kabisa mpaka asubuhi, nilipoamka nikaona simu imetulia. Haijawahi kutulia vile tangu nianze kazi. Nilijua kabla sijafungua kompyuta.

Saa mbili niliziweka kwa sababu zilisikika ndogo.

Msoma Logi
Basi nafuta chai. Hiyo ya simu iliyotulia haitungiki. Nisamehe mkuu.

Swali moja la kikazi. Kunyamazisha kunaandikwa kwenye kumbukumbu za mfumo, pamoja na jina na saa. Dogo ana ruhusa ya kuzisoma?

Fundi wa Zamu
Anayo. Nilimpa mwenyewe mwezi uliopita.

Kimya Kingi
Mpigie. Sasa hivi, kabla ya ripoti.

Bibi Nywila
Mpigie mwanangu. Maneno yangu ya mwanzo nayaacha palepale, ila mpigie.

Fundi wa Zamu
Ijumaa, asubuhi. Nilimpigia jana usiku. Nikaanza kuzunguka, mara sloti, mara diski. Akanikatiza: "Kaka, niliona jina lako Jumatano saa nne asubuhi." Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema alidhani ningesema mwenyewe, na barua yake ya kujieleza ameandika ya sloti tu, kwa sababu sloti ndiyo yake.

Sikulala tena. Sentensi sasa inasomeka: "Mimi, nikiwa zamu, nilinyamazisha arifa zote bila muda wa kikomo ili nitazame mechi, na sikuzirudisha." Baada yake nimeweka za Mama Seva, arifa sitini na kikomo cha sloti, na kwamba mazoezi ya dogo nilikuwa nayasimamia mimi. Nimeituma kwa bosi, nakala kwa dogo. Ameisoma, hajajibu. Nimeitwa saa kumi jioni.

Mama Seva
Tuko hapa. Ukitoka huko rudi utuambie.

Jogoo wa 2005
Droo imetoka mkuu, umeiona? Bayern. Mechi ya kwanza 9 Aprili.

Mlinda Mlango
Bayern wale waliowafunga 2017, tano moja nyumbani na tano moja ugenini? Bora angebaki na diski.

Fundi wa Zamu
Nimeiona. Tarehe 9 ilikuwa zamu yangu. Nimeshaomba kwa maandishi nibadilishiwe, kama bado nitakuwepo.