MOSAIC: Mwenye Sport Pilot anaruhusiwa kurusha Cessna 172?

MwanafunziWaAnga
Wakuu, naomba ufafanuzi. Tangu 22 Oktoba 2025 kanuni mpya za ndege ndogo ziitwazo MOSAIC, za FAA (mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani), zinatumika kwa marubani hapa Marekani. Je, mwenye leseni ya Sport Pilot, ile rahisi ya kurusha ndege ndogo, anaweza kurusha 172 ya viti vinne, hata usiku, bila hati ya afya? Na akirudi Dar, leseni hiyo inabadilishwa kuwa PPL (leseni ya rubani binafsi)?

FundiMbawa
172 ndiyo. Viti vinne sawa, ila abiria ni mmoja tu.

Zamani kipimo kilikuwa uzito, ratili 1,320. Huo umefutwa. Sasa kwa rubani kinachotazamwa ni VS1, yaani kasi ambayo chini yake mbawa zinaacha kuibeba ndege flapu (vibao vya nyuma ya mbawa) zikiwa zimefungwa. Isizidi noti (maili za baharini kwa saa) 59. Wengi hukosea hapa, kwa sababu hiyo ni CAS, kasi iliyosahihishwa, wala si ile inayosomeka kwenye kipima kasi. Kwenye 172S, toleo mojawapo la 172, utepe wa kijani wa kipima kasi unaanzia noti 48, lakini CAS yake ni 53. Kwa 172S haidhuru. Kwa ndege iliyo karibu na mpaka, tofauti ya noti 5 inakutoa nje ya sheria. Fungua kitabu cha ndege, tafuta jedwali la kasi hizo, usome CAS kwa uzito wa juu kabisa wa kurukia. Vitabu vya zamani vinaandika maili kwa saa: noti 59 ni kama maili 68.

Na msichanganye na noti 61. Hiyo ni VS0, flapu zikiwa chini, na inahusu utoaji wa vyeti kwa ndege mpya za daraja la LSA (ndege nyepesi za michezo), ambao tarehe yake ya kuanza ni 24 Julai 2026.

Mnara118
Usiku hapana, bila hati ya afya au BasicMed (utaratibu mbadala wa FAA wa kuthibitisha afya) huruki. Tena unahitaji saa 3 za mafunzo ya usiku na mkufunzi, kuruka na kutua mara 10, safari moja ya kutua uwanja ulio umbali wa maili za baharini 25 au zaidi, kisha idhini yake kwenye daftari lako.

Mchana leseni ya udereva inatosha, lakini kuna mtego. Kama ombi lako la mwisho la hati ya afya lilikataliwa, leseni ya udereva haikusaidii tena. Kwa hiyo mwenye shaka na afya yake asikimbilie kujaza MedXPress, fomu ya mtandaoni ya kuomba hati hiyo. Aonane kwanza na daktari wa anga kwa ushauri tu, kabla ya kuomba chochote.

RubaniPwani
Kuhusu Dar: Sport Pilot haifikii kiwango cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga. Nje ya Marekani huitumii bila ruhusa ya nchi husika. Annex 1, kanuni za ICAO za leseni, inataka saa 40 za kuruka kwa PPL, au 35 kwenye kozi iliyoidhinishwa, pamoja na hati ya afya ya daraja la 2. Sport inaanzia saa 20. Hivyo hakuna cha kubadilisha. Ila saa zako hazipotei, zinahesabika ukiendelea na leseni ya Private, yaani PPL ya FAA. Ukijua utarudi nyumbani, lenga hiyo tangu mwanzo.

MwanafunziWaAnga
Nashukuru sana. Na ndege ya magurudumu yanayokunjwa?

FundiMbawa
Inaruhusiwa, kwa mafunzo na idhini ya mkufunzi kwenye daftari. Viwanja vyenye mnara wa kuongoza ndege navyo vina idhini yake. Ombeni mapema, kwa sababu bila hiyo hata kutua tu kwenye uwanja wa mnara ni kosa.