Msimamizi kakataa projekti yangu ya lugha ya programu ya Kiswahili, naombeni mawazo

chalii_wa_sakina
Habari zenu wakuu. Niko mwaka wa tatu hapa Arusha, nasoma sayansi ya kompyuta, na muhula huu ndo wa projekti. Mi napenda sana mambo ya lugha za programu, yani jinsi maandishi ya mtu yanavyokatwakatwa mpaka mashine inayaelewa, hapo unaweza ukaniacha mpaka asubuhi. Nikapanga nitengeneze lugha ya Kiswahili, badala ya if unaandika kama, badala ya while unaandika wakati. Leksa (inayokata maandishi vipande, neno kwa neno) na pasa (inayopanga vipande hivyo kisarufi) nimeshaziandika, likizo nzima nilikuwa ndani nahangaika nazo, hesabu inapiga vizuri na kama/sivyo inafanya kazi. Juzi nikampelekea msimamizi andiko, kalisoma kaniuliza "sasa hapa unachunguza nini?" nikakosa jibu. Kasema ni kazi nzuri ya mikono ila sio utafiti, nirudi na swali. Zimebaki siku tisa. Niiache yote nianze upya au inaokoleka? Na kuandika mnaanzia wapi, maana sura ya kwanza nimeifungua mara nne na bado ina kichwa cha habari tu.

fundi_kompaila
Pole dogo, ila huyo msimamizi kakusaidia. Kuna lugha inaitwa Nuru, ya Kiswahili, imeandikwa kwa Go (lugha nyingine ya programu), ina kama na sivyo na andika(), iko wazi GitHub, mtandao wa kuhifadhi msimbo, yeyote anashusha. Siku ya kutetea wakikuuliza yako imeongeza nini utasema nini? Lugha ni chombo, utafiti ni swali ambalo jibu lake hata wewe hulijui mpaka upime. Angalia kila uamuzi uliofanya kwenye lugha yako ujiulize anayeulipia ni nani. Tony Hoare, mwanasayansi wa kompyuta, aliweka null (alama ya "hapa hakuna kitu", programu ikiitumia kama kitu halisi inaanguka) kwenye lugha ya ALGOL W mwaka 1965 kwa sababu ilikuwa rahisi kuiweka, 2009 akasimama mbele za watu akaiita kosa lake la dola bilioni moja. Uamuzi wa mtu mmoja, wanaolipa ni watumiaji wote mpaka leo. Ukipata uamuzi wa namna hiyo ambao unaweza ukaupima hukuhuku kwetu, umepata projekti.

Mwl_Rau
Mdogo wangu, mi nafundisha kompyuta sekondari huku Moshi, Jumamosi nakaa na watoto wa kidato cha pili na cha tatu. Wiki iliyopita binti mmoja kaandika mstari mmoja tu:

`print("Habari"`

Kasahau kufunga mabano. Mashine zetu nyingi zina toleo la zamani la Python, lugha ya programu tunayofundishia, ikamjibu `SyntaxError: unexpected EOF while parsing`, yani kosa la sintaksia (kanuni za uandishi), faili limeisha (end of file) kabla ya kutegemewa. Akaniita "mwalimu, EOF ndo nini?" na kabla sijafika kwenye meza yake alishafuta Habari akaandika Hello, akidhani kompyuta imekataa Kiswahili. Roho iliniuma kwa kweli. Hawa watoto wametoka shule ya msingi wakisoma kwa Kiswahili, wameingia sekondari kila kitu Kiingereza, halafu hata kosa la mabano wanaliona kama kosa la lugha yao.

Python kuanzia 3.10, ile ya Oktoba 2021, kosa hilohilo inasema `'(' was never closed` (bano halikufungwa) na inaonyesha bano lenyewe. Nimeiweka kwenye mashine mbili, ni afadhali, ila bado kuna wanaoniita. Ndo maana nakwambia maneno kama if na while sio shida kubwa, mtoto anayakariri. Ujumbe wa kosa haukaririki, lazima auelewe palepale akiwa amekwama. Chunguza hapo.

fundi_kompaila
Mwalimu umemaliza kila kitu. Python 3 ina maneno maalum 35 tu, yanakaa kwenye nusu ukurasa wa daftari.

Dogo fanya hivi, CPython, yani programu yenyewe inayoendesha Python, usiiguse utazama. Andika kiprogramu kinachosoma faili la mwanafunzi, kinalipitisha kwenye compile() (inayotafsiri msimbo bila kuuendesha) ndani ya try (inayodaka makosa), likirusha SyntaxError unachukua msg, lineno na offset (ujumbe, namba ya mstari na mahali kwenye mstari), unatoa ujumbe wako. Usitegemee sys.excepthook (hook ya kubadilisha jinsi Python inavyoonyesha kosa) ndani ya faili la mtoto, sintaksia ikiwa mbovu faili haliendeshwi kabisa kwa hiyo hook yako haiwaki, nilipoteza siku nzima hapo. Na leksa yako hujaipoteza, ibadilishe isome Python ndo ikuhesabie mabano ijue lipi halijafungwa, Python ya zamani haikwambii.

Ila kuna mtego mmoja naomba usome taratibu. Ukilinganisha ujumbe mbovu wa Kiingereza na ujumbe mzuri wa Kiswahili halafu watoto wakafanya vizuri, utajuaje kilichosaidia ni Kiswahili au ni ule uzuri wa maelezo? Hutajua. Kwa hiyo weka aina tatu: Kiingereza kama kilivyo, Kiingereza kilichofafanuliwa, na Kiswahili chenye ufafanuzi uleule. Kila mtoto apite zote tatu kwa makosa tofauti yenye ugumu unaokaribiana, na mpangilio uubadilishe toka mtoto hadi mtoto, maana wakifika zoezi la tatu tayari wamezoea. Pima sekunde toka ujumbe utokee mpaka programu ikimbie, na ameendesha mara ngapi. Kwenye matokeo ripoti mediani (namba ya katikati ukizipanga kwa ukubwa), mtoto mmoja akikwama dakika ishirini anavuta wastani wote.

msomi_ngarenaro
Mi nimemaliza mwaka jana, nikuambie upande wa kuandika. Simon Peyton Jones, mmoja wa waliobuni lugha ya programu ya Haskell, anashauri uanze kuandika kabla utafiti haujaisha, kwa sababu ukiandika ndo unagundua usichokielewa. Achana na sura ya kwanza kwa sasa, anza na ya tatu ya mbinu, halafu chora jedwali la matokeo likiwa tupu, safu tatu kama alivyosema fundi. Ukishindwa kusema kila kisanduku kitajazwa na nini basi jaribio lako bado. Mapitio ya kazi za wengine usianzie kwenye lugha za zamani kama FORTRAN ya 1957, mimi nilifanya hivyo kurasa sita zikakatwa zote. Na kila jioni sukuma GitHub, msimbo na andiko vyote, laptopu yangu ilikufa wiki tatu kabla ya kukabidhi nikapoteza aya mbili tu.

chalii_wa_sakina
Asanteni sana jamani, na mwalimu shikamoo. Nimeandika hivi: je, wanafunzi wa sekondari waliotoka kusoma kwa Kiswahili wakaingia Kiingereza, wakijifunza Python, hurekebisha makosa ya sintaksia haraka zaidi ujumbe ukiwa wa Kiswahili, kuliko ujumbe wenye ufafanuzi uleule kwa Kiingereza? Nimechagua makosa matano na jedwali nimelichora jana usiku. Mwalimu, naweza kuja kwa wanafunzi wako?

Mwl_Rau
Marahaba. Njoo, ila niletee kwanza barua ya kuomba ruhusa ya mkuu wa shule na ya wazazi, wote wako chini ya miaka 18, na ya wazazi iandike kwa Kiswahili. Jumamosi ya kwanza usilete programu yako, kaa nyuma na daftari uandike kila swali watakaloniuliza mashine ikiwakatalia.