Jina la Mungu katika Agano Jipya la Kiebrania: ushahidi au uamuzi wa mtafsiri?

Mleta mada: Wakuu, kuna hoja inayorudi kila tukijadili jina la Mungu. Tafsiri ya Ulimwengu Mpya ya Mashahidi wa Yehova, iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1950, iliweka "Yehova" mara 237 katika Agano Jipya. Nakala za Kigiriki tulizonazo zina Kyrios, yaani Bwana, au Theos, yaani Mungu. Ukiuliza msingi, unaletewa orodha ya tafsiri za Agano Jipya kwa Kiebrania zenye herufi nne YHWH, yaani Jina lenyewe kwa Kiebrania: Hutter wa Nuremberg, 1599, Delitzsch wa Leipzig, 1877, na wenzao.

Mimi sioni ushahidi hapo. Delitzsch, Mlutheri, alitafsiri kutoka Kigiriki. Alipofika Mathayo 22:44, "Bwana alimwambia Bwana wangu", alijua hiyo ni Zaburi 110, akairudisha kama ilivyo kwa Kiebrania, pamoja na Jina. Angefanya nini kingine, na wasomaji aliowalenga ni Wayahudi walioihifadhi zaburi hiyo kwa moyo? Kazi safi kabisa. Ila haituambii Mathayo mwenyewe aliandika nini karne 18 kabla yake.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, umechagua shahidi dhaifu ukamwacha mwenye nguvu. Papiro ya Fouad 266, Kumbukumbu la Torati kwa Kigiriki, ni ya karne ya kwanza kabla ya Kristo, na katikati ya Kigiriki hicho Jina limeandikwa kwa herufi za Kiebrania. Msomi George Howard alitoa hoja mwaka 1977 kwamba mitume walinukuu nakala za namna hiyo, na Jina likaondolewa baadaye.

Mleta mada: Sawa, Fouad ni hoja ya kukaa chini na kuijadili, ingawa ni Agano la Kale. Howard alisema ni nadharia. Basi tubaki na Fouad, tumpumzishe Delitzsch.

Mchangiaji wa pili: Na hao watafsiri wa Kiebrania wenyewe hamuwafuati kila mahali. 1 Petro 3:15, tafsiri kadhaa kwenye orodha hiyohiyo zina Jina. Ulimwengu Mpya ikabaki na "Kristo kuwa Bwana". Kulikoni?

Mchangiaji wa kwanza: Hao walifuata Kigiriki cha chapa za zamani kilichosema "Bwana Mungu". Nakala kongwe zinasema Kristo.

Mleta mada: Ahaa! Kwa hiyo Kigiriki ndicho kinachoihukumu tafsiri ya Kiebrania. Twende Warumi 10:13 basi, "kila atakayeliitia Jina la Bwana ataokoka", ambapo Ulimwengu Mpya imeweka "Yehova". Nakala zote za Kigiriki zina Kyrios, na mstari wa 9 umetoka kusema Yesu ni Bwana. Kwa nini hapo Kigiriki kisihukumu?

Mchangiaji wa kwanza: Kwa sababu Paulo ananukuu Yoeli 2:32, na Yoeli ana Jina.

Mchangiaji wa pili: Petro naye, kwenye 3:15 hiyohiyo, anachota Isaya 8:13, "BWANA wa majeshi ndiye mtakayemtakasa". Isaya hana Jina? Tunakusubiri, ndugu.