Mrejesho: kahawa ya kuyeyuka kwenye keki ya chokoleti

Niliuliza kama kahawa ya kuyeyuka inafaa kwenye keki ya chokoleti, maana resipi inataka kikombe kizima cha kahawa nzito ya kuchujwa. Asanteni sana, imekubali! Nilikoroga vijiko 2 vya chai vilivyojaa kwenye mililita 240 za maji ya moto, nikaimimina kwenye kakao kabla haijapoa. Kakao ikalainika, ikang'aa, harufu ikajaa jiko zima. Ladha ya kahawa haijitokezi sana, chokoleti ndiyo imekolea. Aliyenionya nisitie kahawa ya kusagwa ikiwa kavu alisema kweli: ile haiyeyuki, chembe zake zinabaki mdomoni. Kwa krimu ya siagi, yeyusheni kahawa kwanza kwa kijiko kimoja tu cha maji, ipoe kabisa. Maji yakizidi, krimu inakatika.