Naomba ushauri: takwimu za ajira za wanawake zinaruka baada ya 2013

Wakuu, nalinganisha kiwango cha ajira cha wanawake katika nchi kadhaa tangu 1991. Umri nimeshausawazisha: miaka 25 hadi 54 kote, maana ukianza na 15 unawabeba wanafunzi, na masomo yakirefuka ajira inaonekana kushuka bure. Kiwango cha ushiriki katika nguvukazi nimekiweka kando, kwani kinahesabu hata wanaosaka kazi.

Kinachonitatiza ni fasili. Zamani mwanamke aliyelima chakula cha nyumbani tu alihesabiwa kuwa ana ajira. Azimio la wanatakwimu wa kazi la 2013, chini ya Shirika la Kazi Duniani (ILO), likamwondoa. Ajira sasa ni kazi ya malipo au faida, hata saa moja kwa wiki. Na kila nchi ilihamia kwa wakati wake! Kwenye nchi zenye wakulima wengi mstari wa grafu unaporomoka ghafla, na hakuna aliyeachishwa kazi.

Je, nikate mfululizo pale fasili inapobadilika, au nirudi kwenye data ghafi za tafiti za kaya nihesabu upya kwa fasili moja? Makadirio ya modeli ya ILO yanajaza mapengo, ila sipendi kulinganisha kadirio na kipimo halisi.