Naomba ushauri: nimependekezwa kwa tuzo ya Kifaransa, wenzangu wanasema si haki kwa kuwa natoka Kongo

BintiWaBukavu:
Shikamooni wakubwa zangu. Niko mwaka wa tatu katika idara ya Kifaransa na Kiitaliano ya chuo kikuu kimoja hapa Marekani. Kila mwisho wa mwaka wa masomo idara hutoa tuzo kwa wanafunzi: ya insha bora ya Kifaransa, ya maendeleo katika Kiitaliano, ya tafsiri, pamoja na ruzuku ya kwenda kusoma Ufaransa au Italia wakati wa likizo ndefu. Mhadhiri wangu amenipendekeza kwa tuzo ya insha. Juzi wanafunzi wawili wa darasa letu waliniambia ana kwa ana kwamba tuzo hiyo iliwekwa kwa waliojifunza Kifaransa, si kwa waliozaliwa nacho.

Sikuzaliwa nacho. Mama alinibembeleza kwa Kiswahili na kunigombeza kwa Kiswahili, na sokoni Kadutu, kwetu Bukavu, tulipatana bei kwa Kiswahili. Kifaransa nilikikuta shuleni, ambako aliyekosea neno katika imla alilinakili mara 20 kwenye daftari, na mimi nilijaza kurasa nyingi kwa neno «longtemps» pekee, kwa sababu ile p isiyosikika ilinipotea kila mara. Hata hivyo siwezi kukana kwamba nilisomeshwa hesabu na historia kwa Kifaransa miaka mingi kabla wenzangu hawajajua kusalimia. Fomu inauliza: je, Kifaransa ni lugha yako ya kwanza? Nikiandika «hapana» nasema kweli, lakini naona kama ninaficha nusu ya habari. Nijibu vipi? Au nijitoe, nishindanie Kiitaliano nilichokianza hapahapa?

MwalimuMstaafu:
Marahaba, binti yangu. Jibu la fomu ni «hapana», kwa sababu ndilo la kweli. Huku Marekani watu wengi hudhani kwamba nchi ambayo lugha yake rasmi ni Kifaransa ina raia wanaokinyonya kwa mama zao, ilhali Kongo ina lugha nne za taifa, yaani Kiswahili, Lingala, Kikongo na Tshiluba, na Kifaransa ni cha ofisi na cha shule. Wenzako hawakujua hilo, wala sioni kwamba walikuwa na nia mbaya. Hiyo nusu unayoogopa kuificha, iandike. Chini ya jibu lako ongeza sentensi mbili: kwamba lugha ya nyumbani ni Kiswahili, na kwamba ulisoma shule kwa Kifaransa tangu utotoni. Kisha kamati iamue. Kupima nani anastahili ni kazi yao, wewe kazi yako ni kuwapa habari kamili.

Kaka_Ohio:
Naunga mkono, ila nasisitiza jambo moja: soma masharti ya tuzo yenyewe kabla ya kumsikiliza mtu yeyote. Idara nyingine hutenganisha tuzo za waliokulia katika lugha na za walioianzia chuoni, nyingine hupima insha tu. Kama masharti hayakutaji, usijitoe, dada. Tuzo ya idara hukaa kwenye wasifu wako na kuipa nguvu barua ya mapendekezo. Uliza pia kama chuo chenu kina tawi la Pi Delta Phi, jumuiya ya heshima ya wanafunzi wa Kifaransa iliyoanzishwa Berkeley mwaka 1906. Na kama una ukaaji wa kudumu, angalia programu ya wasaidizi wa walimu wa Kiingereza nchini Ufaransa, TAPIF, ambayo huanza Oktoba na kumalizika Aprili. Hiyo hupokea raia wa Marekani na wakaaji wa kudumu, tofauti na Fulbright ya wanafunzi wa Marekani, yaani ruzuku ya serikali ya Marekani ya kwenda ng'ambo, ambayo inadai uraia.

MamaImani:
Mdogo wangu, mimi nilisoma Kiitaliano, na naomba usikifanye mahali pa kukimbilia. Sisi Waswahili hutangulia kidogo kwa sababu maneno yake mengi huishia kwa irabu kama yetu, lakini konsonanti zake za kukaza, zile zinazoandikwa mara mbili, zilinitesa semesta mbili nzima. Nilisimama mbele ya darasa nikataka kumwelezea babu yangu, «nonno», nikatamka «nono», yaani wa tisa, na mwalimu akanirudisha mwanzo wa sentensi mpaka n ile ikakaa sawasawa. Tuzo ya maendeleo ni ya mtu aliyepita humo. Ukiitaka, iombe kwa sababu umeipigania, isiwe kwa sababu umefukuzwa kwenye Kifaransa. Na kama idara inaruhusu kuomba zote mbili, omba zote mbili.

BintiWaBukavu:
Asanteni sana. Nimesoma masharti: yanataka insha iliyoandikwa kwa ajili ya darasa la idara ndani ya mwaka huu, wala hayataji mtu alikulia wapi. Jana nilimwandikia mwenyekiti wa kamati nikamweleza kama Mwalimu alivyoshauri, na amenijibu kwamba nijaze «hapana», niambatishe maelezo yale, naye atayasoma kwa wajumbe wote kabla ya kugawa insha. Wale wenzangu wawili nimewaonyesha barua hiyo. Mmoja aliniuliza neno la Kiswahili la imla, nikamwandikia pembeni mwa daftari lake. Ya Kiitaliano nayo nimeiomba. Insha ya Kifaransa inapelekwa Ijumaa, na usiku huu naipitia mara ya mwisho, nikianza na herufi zisizosikika.