Ushauri: mafuta yaliyochoka na maganda ya banda la chipsi nipeleke wapi?

MkaangaViazi: Wakuu, habari za kazi. Nina banda la chipsi Mbagala. Kila wiki nabaki na kama lita 10 za mafuta ya alizeti yaliyochoka, pamoja na maganda mengi ya viazi. Mtaroni sitaki kumwaga, yanashikana na mchanga na kuziba njia ya maji. Naambiwa yanafaa kwa sabuni. Vipimo vikoje?

FundiSabuni: Yanafaa, ila iwe sabuni ya kufulia na kudekia, si ya kuogea. Chuja kwa kitambaa kizito, kisha osha: changanya mafuta na maji kiasi sawa, vyote vikiwa baridi, chemsha taratibu nusu saa, acha hadi kesho. Chumvi na masizi hushuka na maji, mafuta unayaengua juu. Usithubutu kutia maji kwenye mafuta ya moto.

Pima kwa mizani. Lita 1 ya mafuta ni gramu 920 hivi. Kila kilo 1 ya mafuta inataka kostiki soda (kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni) gramu 128 na maji gramu 300. Kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji, kidogo kidogo. Ukigeuza, inachemka ghafla na kukurukia usoni. Vaa glovu na miwani, fanyia nje, watoto wakae mbali. Sufuria ya aluminiamu isiguse kazi hii: kostiki inaila na kutoa gesi inayowaka. Tumia stenlesi. Mchanganyiko ukiwa vuguvugu, mimina kwenye mafuta, koroga hadi uwe mzito kama uji. Alizeti ni mbishi, kwa mkono inaweza kupita saa nzima.

MkaangaViazi: Asante mkuu. Ikibaki laini, au mafuta yakielea?

FundiSabuni: Alizeti peke yake hutoa sabuni laini. Weka mawese sehemu 3 kati ya 10, kostiki ipande hadi gramu 130. Mafuta kuelea maana yake hukukoroga vya kutosha, au kostiki imenyonya unyevu. Hewa ya pwani inaiharibu haraka, kopo lifungwe kabisa. Sabuni ikate baada ya siku 2, kausha kivulini wiki 4 hadi 6. Kostiki ikikurukia ngozini, osha kwa maji mengi yanayotiririka, siki hapana.

MfugajiPwani: Maganda wape mbuzi, ila chambua ya kijani na yenye machipukizi. Yana solanini, sumu ambayo hata kuchemsha hakuiondoi. Yanayobaki fanya mboji: ndoo 1 ya maganda kwa ndoo 2 za majani makavu au maranda, geuza kila wiki. Ikinuka, imelowa mno, ongeza vikavu.

DadaJiko: Mimi ningeanzia kwenye karai. Futa viazi maji kabla ya kukaanga, chumvi nyunyiza kwenye sahani na si juu ya mafuta, chuja mabaki kila jioni. Mafuta yatadumu zaidi, na hizo lita 10 zitapungua zenyewe.

FundiSabuni: Naunga mkono. Na ukitaka kuuza sabuni, pita SIDO (shirika la viwanda vidogo) kwanza wakuelekeze taratibu za TBS (shirika la viwango).